Hita Isiyolipua

Jina linalokuja kwanza mdomoni ni hita isiyolipuka, nalo linakosea kwa herufi moja. Kasha la chuma la hita ya aina hii, lile linalofunika swichi, kontakta na vichwa vya nyaya, limeundwa kwa kukubali kwamba ipo siku gesi itapenya ndani, cheche itaruka, na mlipuko utatokea humo humo. Kinachokatazwa ni moto wa ndani kutoka na kuwasha gesi ya nje. Hita yaweza kulipuka tumboni mwake. Haipaswi kulipua jengo. Ondoa ile k, maana yote hubadilika. Mnunuzi mwenye maana ya kwanza kichwani huuliza chuma ni kinene kiasi gani. Mwenye maana ya pili huuliza habari za nje ya hita: hapa kuna gesi gani, hujiwasha kwa joto gani, huwapo mara ngapi, na baridi ya hapa hushuka hadi wapi. Hoja yangu ni kwamba mahali pasomwe kwanza, hita ichaguliwe mwisho. Makosa ghali katika kazi hii huanza pale mpangilio huo unapogeuzwa.

Hitaji lenyewe ni la nchi za baridi. Huko Alberta, magharibi mwa Kanada, visima vya gesi na vituo vya kompresa vimetapakaa mashambani na misituni, na usiku wa Januari joto huweza kushuka hadi nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Visima vingi vina kibanda chenye vali, mita na mabomba membamba ya vipimo. Maji kidogo yanayofuatana na gesi huganda ndani ya mabomba hayo. Tena methani na maji vikikutana kwenye shinikizo kubwa hufanya donge jeupe mfano wa barafu hata pale joto lilipo nyuzi kadhaa juu ya sifuri, na donge hilo huziba bomba. Vali ya usalama iliyoganda haifunguki inapohitajika. Kwa hiyo joto ndani ya kibanda ni sehemu ya usalama wa mtambo, wala si anasa ya wafanyakazi. Na kibanda hicho hicho ndimo gesi inamoweza kuvuja.

Hapo ndipo hita inapojitenga na vifaa vingine vya umeme vya maeneo ya hatari. Taa ikipata moto kupita kiasi, ni hitilafu. Mota ikipata moto, ni hitilafu. Hita isipopata moto ndiyo mbovu. Kazi tuliyoinunulia ndiyo hatari tunayoikimbia, na kila uamuzi wa kuichagua unazunguka jambo hilo.

Gesi huwaka kwa njia mbili. Ya kwanza ni cheche, nayo wengi wanaifahamu. Methani iliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa huwashwa na nishati ya milijuli 0.3 hivi, hidrojeni huhitaji 0.02 tu. Cheche ya swichi ya kawaida ya ukutani huweza kupita viwango hivyo mara nyingi. Njia ya pili haina cheche wala ndimi za moto: uso wa chuma wenye joto la kutosha huiwasha gesi kwa kuigusa. Koili ya hita ya nyumbani ikianza kuonekana nyekundu ujue imepita nyuzi 500. Mvuke wa petroli hujiwasha karibu na nyuzi 280. Hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu inayofuatana na mafuta ghafi mengi, hujiwasha kwenye 260 na kitu. Etha haifiki 180. Kaboni disalfaidi hujiwasha karibu na nyuzi 90, maana yake bomba la maji yanayokaribia kuchemka linatosha.

Ndiyo sababu herufi ya kwanza ya kutafutwa kwenye kibati cha hita ni T. T1 ina maana kwamba hakuna uso wa kifaa utakaopita nyuzi 450. T2 ni 300, T3 ni 200, T4 ni 135, T5 ni 100, T6 ni 85. Amerika Kaskazini wamezigawa zaidi, kwa hiyo utakuta T3B, yenye kikomo cha nyuzi 165. Kanuni ni fupi: kikomo cha kifaa kiwe chini ya joto la kujiwasha la gesi iliyopo, na kama gesi ni nyingi, ile inayojiwasha upesi kuliko zote ndiyo inayoamua. Penye petroli, hita ya T2 haifai hata ikiwa mpya na ya bei kubwa. T3 inafaa, na hita nyingi za feni za sekta ya mafuta zimejengwa kwa daraja hilo au jirani zake.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa watu waangalifu. Akiona namba kubwa inamaanisha uso wa baridi zaidi, mwandishi wa zabuni anaandika T6 kwa kila kitu, ili alale usingizi. Kwa taa ndogo au kipima shinikizo, haimgharimu sana. Kwa hita ni kama kumtafuta farasi asiyetoa jasho. Uso usioruhusiwa kupita nyuzi 85 hutoa joto kidogo kwa kila sentimita, hivyo ili kupata kilowati zile zile utahitaji mtambo mkubwa mara kadhaa. Fedha iliyotiwa kwenye T6 isiyohitajika ingenunua kigunduzi cha gesi.

Herufi nyingine ni za kundi la gesi: IIA, IIB, IIC. Maana yake ni ya zamani kuliko hita zenyewe. Mwaka 1812 mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy alionyesha kwamba taa ikizungushiwa wavu mwembamba wa chuma, moto wa ndani hauwashi gesi ya mgodini iliyo nje. Matundu ya wavu hayaizuii gesi kupita. Huunyang'anya moto joto lake unapopenya, ukazimika kabla ya kufika ng'ambo. Kasha la leo linafanya kazi ile ile kwa umbo jingine. Kifuniko na kasha hukutana kwenye nyuso mbili pana zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, na gesi inayolipuka ndani hutoka kupitia mwanya huo mwembamba ikiwa imekwisha kupoa.

Mwanya unaoweza kuuzima moto si mmoja kwa gesi zote. Vipimo vya maabara vinaonyesha propani huzuiwa na mwanya wa milimita 0.92, ethilini milimita 0.65, hidrojeni milimita 0.29. Kutoka hapo ndipo makundi yalipotokea: propani na methani ya viwandani ziko IIA, ethilini IIB, hidrojeni na asetilini IIC. Kasha la IIC linafaa kwa makundi yote matatu. La IIA penye hidrojeni ni mlango ulio wazi. Mtambo wa kusafishia mafuta wenye kitengo cha hidrojeni, au chumba cha betri kubwa za asidi ambazo hutoa hidrojeni zinapochajiwa, hauruhusu mjadala katika hili.

Mpaka hapa mtu angedhani kazi ni kulinganisha meza mbili za namba. Sehemu ngumu ni swali la gesi kuwapo mara ngapi. Wahandisi hulijibu kwa kugawa eneo katika kanda. Kanda 0 ni pale gesi ipo muda wote au muda mrefu, kama ndani ya tangi. Kanda 1 ni pale inapotarajiwa mara kwa mara katika kazi ya kawaida. Kanda 2 ni pale isipotarajiwa, na ikitokea haidumu. Wamarekani wengi hutumia mgawanyo wao wa zamani wa Divisheni 1 na 2, ilhali Kanada iliingiza mfumo wa kanda kwa mitambo mipya mwaka 1998 na kuiacha ya zamani na majina yake, ndiyo maana kibati kimoja huweza kubeba lugha zote mbili. Hita ya feni kwa kanda 0 usiitafute. Kwa kanda 1 na 2 zipo, ila bei hazilingani, na tofauti hiyo humvuta meneja atamani eneo lake liitwe kanda 2.

Kinacholifanya jengo liwe kanda 2 badala ya kanda 1 mara nyingi ni hewa inayopita. Hapo hita na usalama hugongana uso kwa uso, na hesabu ndogo inaonyesha namna gani. Chukua kibanda cha pampu cha mita 6 kwa 4, kimo mita 3. Nje ni nyuzi 35 chini ya sifuri, ndani tunataka nyuzi 10. Tofauti ni 45. Kuta, paa na sakafu ni mita za mraba 108; zikiwa zimejazwa sufi nzuri ya kuzuia joto, kila mita ya mraba hupoteza nusu wati kwa kila nyuzi ya tofauti. Jumla ni kama wati 2,400. Sasa hewa. Kanuni inayotumika sana katika sekta ya mafuta ya Amerika Kaskazini huhesabu jengo kuwa na hewa ya kutosha ikiwa, pamoja na mengine, hewa yake yote hubadilishwa angalau mara 6 kwa saa. Kibanda chetu kina mita za ujazo 72, kwa hiyo mita za ujazo 432 za hewa baridi huingia kila saa, na kila moja hutaka theluthi ya wati-saa kwa kila nyuzi. Hiyo ni kama wati 6,400.

Soma namba hizo mbili pamoja. Hewa inakula joto karibu mara tatu ya kuta. Aliyepima kuta tu atanunua hita ya kilowati 3, wakati kibanda kinahitaji 9, na kwa busara 10. Hita yake itakuwa na vyeti vyote, T sahihi, kundi sahihi. Itashindwa kazi usiku wa kwanza wa baridi kali. Kisha atatokea mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi, aone upepo wa barafu unavyoingia kwenye matundu ya ukutani, ayazibe kwa gunia. Siwezi kumlaumu. Ila kuanzia dakika hiyo ramani ofisini inasema kanda 2 na kibanda chenyewe ni kitu kingine, gesi inayovuja haina pa kutokea, na vifaa vyote vilivyochaguliwa kwa kanda 2 viko mahali pasipo pake. Hita ndogo imeleta hatari bila kutoa hata cheche moja.

Au ataleta hita yake ya nyumbani. Kwenye kituo cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, Machi 2005, mafuta yalifurika kutoka kwenye mnara, mvuke ukatambaa chini, na watu 15 wakafa. Wachunguzi walionyesha kwamba chanzo cha moto yaelekea kilikuwa pikapu ya dizeli iliyoegeshwa karibu injini ikiunguruma. Vifaa vya umeme vilivyofungwa kwa kufuata ramani si ndivyo vilivyohesabiwa kuwa mwasho; ni kitu cha kila siku kilichoingia penye gesi. Kwa sababu hiyo kilowati za kutosha naziweka kwenye orodha ya usalama, bega kwa bega na herufi za kibati.

Tuingie ndani ya hita yenyewe. Aina iliyozoeleka sana katika baridi ya Kanada haina koili inayopulizwa na upepo moja kwa moja. Koili zimezamishwa kwenye kimiminika, mchanganyiko wa maji na glikoli, ndani ya mabomba yaliyofungwa na kuondolewa hewa. Kimiminika kikipata moto hutoa mvuke unaopanda kwenye mabomba yenye mapezi, hupoa kwa kupulizwa na feni, hutona tena chini. Joto husambaa sawasawa, hakuna sehemu moja inayowaka kuliko nyingine, na ndiyo njia inayowezesha kilowati nyingi kutoka bila kuvuka T3. Aina ya pili ina koili kavu ndani ya mabomba ya chuma yenye mapezi. Ni nyepesi na haina kimiminika cha kuvuja, lakini uso wake unategemea sana upepo. Feni ikisimama, sehemu zake hupanda joto haraka. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji wa aina zote mbili ni moja: feni ikifa ghafla, nini hukata umeme wa koili, na je, T iliyoandikwa inasimama hata katika dakika hizo? Swichi ya joto ya usalama iwe ya kurudishwa kwa mkono. Inayojirudisha yenyewe huficha ugonjwa.

Mahali penye boila, ningependekeza jambo lisilowafurahisha wauza hita za umeme: acha koili kabisa. Pasha maji ya glikoli au tengeneza mvuke nje, eneo salama, ulete joto kwa bomba, na ndani ubakize feni yenye mota iliyothibitishwa. Bomba la mvuke nalo lina joto lake, na mvuke wa shinikizo la bar 10 una nyuzi zaidi ya 180, hivyo T haisahauliki. Lakini umepunguza idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika penye gesi. Na kwenye visima vya mbali visivyo na umeme, kuna hita zinazounguza gesi ya kisima chenyewe kwenye pedi yenye kichocheo, bila ndimi za moto.

Jambo moja la kibati hupuuzwa kuliko mengine. Viwango vya kimataifa vya mfululizo wa IEC 60079 vinasema kifaa kisichoandikwa kiwango cha joto la hewa kimethibitishwa kwa hewa ya kati ya nyuzi 20 chini ya sifuri na 40 juu yake. Kimya hicho ni maelezo. Baridi inapozidi hapo, chuma na mipira ya kuzibia hugeuka miepesi kuvunjika, na gesi iliyo ndani ya kasha inakuwa nzito zaidi, hivyo ikilipuka inasukuma kwa shinikizo kubwa zaidi. Kasha lililopita jaribio kwenye 20 chini ya sifuri halijajibu swali la 40 chini ya sifuri. Kwa Alberta, kibati lazima kitaje baridi ya Alberta.

Karatasi nazo zisomwe. Barani Ulaya, agizo la ATEX la 2014 kuhusu vifaa vya maeneo ya hatari, lililoanza kutumika Aprili 2016, linamruhusu mtengenezaji wa vifaa vya kanda 2 kujitangazia mwenyewe kwamba vimefuata masharti. Mfumo wa kimataifa wa IECEx hudai mtu wa tatu avipime. Tofauti hiyo ina thamani. Vyeti vya IECEx viko wazi mtandaoni, na namba ya kughushi haichukui dakika tano kufichuka. Kisha tazama mwisho wa namba ya cheti. Ukikuta X, kuna masharti ya pekee ya matumizi, na yamo ndani ya cheti, si kwenye kibati: labda hita isimame wima tu, labda iwe mbali na ukuta kiasi fulani. Ukikuta U, hicho ni kipande cha kuungwa ndani ya kifaa kingine. Hakijawa kifaa kamili.

Baada ya hapo hita iko mikononi mwa fundi. Ule mwanya wa sehemu za milimita ambao ndio kinga yote hufutwa na mambo madogo sana: bolti moja iliyopotea isirudishiwe, mkwaruzo wa bisibisi kwenye uso uliochongwa, rangi iliyopakwa juu ya maungio, ringi ya mpira iliyotiwa na mtu aliyetaka kuzuia maji, glendi ya kebo isiyo ya aina yake. Kwa macho ya mpita njia hita inaonekana imetunzwa vizuri. Kwa gesi, ni kasha la kawaida. Kifuniko kisifunguliwe kabla umeme kukatwa na muda ulioandikwa kupita, na fundi wa kuikarabati awe amefunzwa kwa kazi hiyo hasa, maana ufundi wa umeme wa nyumba, hata wa miaka mingi, haumfundishi mtu kuuheshimu uso ule.

Penye vumbi linaloungua, kama unga, sukari au mbao, naona hita ya feni ni chaguo la mwisho. Feni hulirusha vumbi hewani, mapezi hulikusanya, na tabaka la vumbi ni blanketi linalozuia joto kutoka. Kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, kiliua watu 14 Februari 2008, na wachunguzi waliona kuwa mwasho yaelekea ulitoka kwenye beringi iliyopata moto ndani ya mkanda wa kusafirishia. Beringi tu. Kwa vumbi joto la uso huandikwa kwa nyuzi zenyewe, na kanuni hutaka lisivuke theluthi mbili ya joto la kuwasha wingu la vumbi, tena libaki nyuzi 75 chini ya joto la kuwasha tabaka lake.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna kibanda cha pampu kinachoganda kwa theluji, lakini kuna mafuta yanayoganda. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, na kwenye joto la kawaida hukataa kutiririka. Ndiyo maana bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani mkoani Tanga, limebuniwa kupashwa kwa umeme ili mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 hivi au zaidi. Kebo za kupasha bomba si hita za feni, lakini alama za vibati ni zile zile, na fundi wa Tanga atakutana na T, IIA na X kama yule wa Edmonton, huko Alberta. Ila yeye asome upande wa pili wa ule mstari wa hewa. Kimya cha kibati kinaishia nyuzi 40, na kisanduku cha chuma kilichoanikwa kwenye jua la Tanga saa saba mchana mwezi wa Februari huzipita kwa urahisi. T iliyopimwa kwenye hewa ya nyuzi 40 haimlindi mtu kwenye hewa ya nyuzi 50. Aagize kilichoandikwa hadi +55, kisha akiwekee kivuli.